Forester turbo na baridi ya Njombe: niipashe dakika ngapi kabla ya kuikamua?

mkulima_parachichi:
Wakuu, habari za asubuhi. Naombeni ushauri wenu.

Gari ni Forester SG5 ya 2004, injini ya EJ20 yenye turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), gia otomatiki ya hatua 4, imetembea kilomita 168,000. Oili iliyomo ni 20W-50, fundi aliichagua akisema injini ya umri huu inataka oili nzito. Niko Njombe mjini, na Juni hii alfajiri baridi inafika nyuzi 6 au 7. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu ya Makambako ni kilomita moja tu, na hapo malori yameshaanza, kwa hiyo kuovateki kunataka nguvu mapema.

Kwa sasa naiwasha na kuiacha iungurume dakika 15. Hata hapo mshale wa joto haujafika katikati. Unafika baada ya dakika 20 na zaidi, tena nikishuka mteremko mrefu unarudi chini. Mafuta inakula lita moja kwa kilomita 6. Jirani ananiambia nipige resi ya RPM 3000 (mizunguko ya injini kwa dakika) kwa dakika mbili ndipo niondoke.

Naiacha dakika ngapi? Na mshale ukifika katikati, ndiyo ruhusa ya kukanyaga hadi mwisho?

Zamani_Safi:
Mkuu, dakika 10 kila asubuhi bila kukosa. Injini ya baridi ukiiondosha inakwama-kwama na kuzima, hiyo inajulikana miaka yote.

Bi_Spana:
Zamani_Safi, hilo ni sahihi kwa gari za kabureta. Kule petroli ilikuwa haichanganyiki vizuri na hewa ya baridi, ndiyo maana kulikuwa na choki ya kuvuta, na ukiwahi kuondoka inazima. EJ20 ina nozeli na kompyuta inayosoma joto la maji na kupima mafuta yenyewe. Haizimi.

Mkulima, nikujibu moja kwa moja: sekunde 30, kwa baridi ya Njombe iwe dakika moja, kisha ondoka taratibu. Injini inapashwa kwa kutembea.

Ikiunguruma imesimama inatoa joto dogo sana. Wakati huohuo kompyuta inaongeza petroli kwa sababu injini ni ya baridi. Petroli ile ya ziada haiungui yote. Sehemu yake inashuka kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyotakiwa kulinda ringi, inapita hadi chini na kuchanganyika na oili. Mvuke wa maji nao unageuka matone humo ndani. Ukifungua kifuniko cha oili ukaona utando wa rangi ya maziwa ya chai, mara nyingi chanzo ni huko (ila kama na maji ya rejeta yanapungua, kagua gasketi ya silinda hedi haraka). Na kuna vitu ambavyo ukiunguruma hata saa nzima havipati joto: gia boksi, difu, beringi za magurudumu, matairi.

Resi ya 3000 kwenye injini ya baridi usifanye kabisa. Oili ikiwa nzito, pampu inasukuma hadi valvu ya kupunguza presha inafunguka na sehemu ya oili inarudi bila kufika inakotakiwa. Filta nayo ina valvu yake ya pembeni: oili nzito ikishindwa kupenya karatasi kwa kasi hiyo, valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa.

Injini_Boxa:
Bi Spana kamaliza la kuwasha. Niongeze la kukamua, yaani kukanyaga kwa nguvu, maana ndilo linaloua turbo.

Mshale unapima maji, haupimi oili. Maji yanafika nyuzi 80 mapema, oili inachelewa nyuma yake. Gari isiyo na hitilafu, mwendo wa kawaida, maji yanachukua dakika 5 hadi 8, oili inataka dakika 10 hadi 15 za kutembea. Oili ya 5W-30 ikiwa na nyuzi 40 ni nzito karibu mara tano au sita kuliko ikiwa na nyuzi 100. Kwa hiyo mshale ukifika katikati, ongeza dakika nyingine 5 hadi 10 ndipo ukanyage.

Tena mshale wenyewe umetengenezwa usichezecheze: ukishafika katikati unatulia hapo hata joto likipanda au kushuka nyuzi kadhaa. Wa kwako *unashuka* kwenye mteremko. Hilo tutalirudia chini.

Mpangilio ni huu. Washa, subiri taa ya oili izime na RPM zianze kushuka zenyewe kutoka 1500 hivi. Ondoka. Kilomita 5 za kwanza usivuke 2500 na pedeli isizidi robo, ili turbo isianze kujaza hewa. Kutoka hapo hadi kilomita ya 10 au 12 unaweza kugusa 3500. Baada ya hapo gari ni yako. Ukikuta lori ndani ya kilomita 5 hizo, kaa nyuma yake. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na njia inayoileta oili hiyo ni nyembamba.

Kosa la upande wa pili ni kuogopa RPM hadi gari inabeba mlima kwa 1200 ikitetemeka. Hapo mzigo unakandamiza beringi za konrodi wakati pampu inazunguka polepole. Mlimani acha ishushe gia, ipande kwa 2200 hadi 2500. Gia otomatiki ikiwa baridi inaweza kuchelewa kuingia gia ya nne, isikutie hofu.

Kuhusu 20W-50: kwa nyuzi 6 ni nzito mno kwa injini hii, inachelewa kufika juu kwenye kemshafti na kwenye turbo. Weka 5W-40 sintetiki, au 5W-30 kama haipunguzi oili. Inaingia lita 4 na kidogo, pima kwa stiki, usijaze kwa kukisia.

dereva_wa_semi:
Watu wanaona malori yananguruma muda mrefu alfajiri wanadhani ni kupasha injini. Kikubwa pale ni kusubiri upepo wa breki ujae kwenye matangi. Ukishajaa, na sisi tunaondoka polepole.

Bi_Spana:
Sasa hilo la mshale. Dakika 20 kufika katikati, unarudi mteremkoni, na lita moja kilomita 6: mkulima, gari yako ama haina themostati (valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate moto), ama iliyopo imekwama wazi. Mafundi wengi huku wanaitoa gari ikichemsha mara moja, wanaiita kifaa cha nchi za baridi. Njombe ni nchi ya baridi! Na hata Dar es Salaam inatakiwa iwepo. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, kompyuta inaamini injini haijapata joto, inaendelea kumimina petroli siku nzima.

Kupima: asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, shika hosi ya chini ya rejeta, mbali na feni na mikanda. Gari nyingi hupimwa kwa hosi ya juu, lakini injini ya EJ kama yako themostati yake iko chini, kwenye mdomo wa pampu ya maji. Themostati nzima ikiwepo, hosi ya chini inabaki baridi dakika kadhaa huku ya juu ikipata moto, kisha inapata joto ghafla. Hosi zote mbili zikipanda joto pamoja, polepole, haipo au imekwama wazi.

mkulima_parachichi:
Nimepima leo alfajiri. Zote mbili zimepanda pamoja, na baada ya dakika 12 bado nazishika bila kuungua. Nimempigia fundi, amekiri aliitoa mwaka jana. Nikinunua, nizingatie nini?

Injini_Boxa:
Nunua ya Subaru yenyewe. Inaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na inafunguka yote kwenye 91. Zile za bei ndogo nyingi zina mlango mdogo na EJ inachemsha nazo, ndipo mtu anapoitoa tena.

Mwaga maji injini ikiwa ya baridi, fungua bolti mbili za spana namba 10 chini ya pampu ya maji. Weka gasketi mpya ya mpira, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu, ndiko hewa inakotokea. Kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, jumla inakaribia lita 7. Maji ya bomba peke yake yanakula alumini.

Ukijaza, tumia tangi dogo lililo juu ya injini na ufungue skrubu ya hewa kwenye rejeta. Jaza polepole, hita iwe kwenye moto wa mwisho, acha iungurume hadi feni ziwake mara mbili. Hii ndiyo asubuhi pekee ambayo kungurumisha muda mrefu kuna sababu, na iwe nje, si ndani ya banda lililofungwa.

Lakini kwanza uliza kwa nini ilichemsha mwaka jana. Kama rejeta ilikuwa imeziba au feni haikuwaka, themostati mpya itakuonyesha tatizo hilo ndani ya siku mbili. Ukiona mapovu yanapanda kwenye tangi la akiba gari ikiwa na moto, simama, hiyo ni gasketi ya silinda hedi.

Bi_Spana:
Na sikiliza mlio. EJ ya baridi ikigonga kwa dakika chache kisha ikanyamaza ikipata joto, ni pistoni inacheza kwenye silinda, unaweza kuishi nayo. Ikiendelea kugonga gari ikiwa na moto, na zaidi ukikanyaga, zima uivute kwa kamba hadi gereji. Kesho yake asubuhi baada ya kujaza, kabla ya kuwasha, angalia kiwango cha kulanti tena. Hewa iliyobaki ikitoka usiku kinashuka, ongeza.