Tupeane uzoefu: boti ya kupuliza ya bei nafuu kwa safari ya mtoni na kulala kambini

Kafi Moja
Wakuu, uzi huu ni wa boti za upepo za bei ya chini, zile unazokunja ukatia kwenye buti la gari. Matumizi: watu wawili, siku mbili mtoni, usiku mmoja kwenye hema. Hadithi za safari zina uzi wake. Hapa tuweke vipimo, vifaa, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na uzito, maana ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Chukua Intex Explorer K2, kayaki ya viti viwili ambayo Marekani mara nyingi hupatikana chini ya dola 200. Ina urefu wa sm 312, upana sm 91, na kikomo cha kilo 180. Sasa piga hesabu: mtu wa kilo 75 na wa kilo 70, jumla 145. Hema kilo 3. Maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, siku mbili, kilo 16. Chakula 5, jiko na gesi 2, malazi 4, pampu na vifaa vya kuzibia 3. Umefika kilo 178. Boti bado inaelea, lakini imezama sana, inageuka kwa shida, na kila wimbi dogo linaingia ndani. Namba iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, siyo mzigo wa kusafiria. Pakia theluthi mbili tu ya kikomo hicho. Kwa hiyo K2 ni boti ya mtu mmoja na mizigo yake, hata kama picha kwenye boksi inaonyesha wawili wanacheka.

Wawili na hema wanahitaji kitu kama Seahawk 4: sm 351 kwa 145, kilo 400. Gharama yake ni mwendo. Ni pana, inavutwa kwa makasia ukiwa umeipa mbele mgongo, na upepo unaisukuma kama puto.

Mchungu wa Delta
Kabla ya boti, mto. Rufiji, Kilombero, Wami, Ruvu, Mara, Tana: kote huko kuna viboko na mamba, na boti ya vinyl (plastiki laini ya PVC) haina kazi huko. Kiboko hukaa chini ya maji dakika kadhaa bila kuonekana, kisha huibuka palepale ulipo. Usiku hutoka kwenda kula majani, na njia zake za kupandia ukingoni ndizo zile sehemu tambarare, safi, zisizo na vichaka, ambazo mgeni huziona zinafaa kupiga hema. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere watu huzunguka Rufiji kwa boti ngumu zenye injini na mwongozaji. Kuna sababu.

Kwa Afrika Mashariki boti hizi zinafaa sehemu kama Ziwa Bunyonyi, Uganda, ambako hakuna viboko wala mamba, na visiwani kuna sehemu za kupiga kambi. Kwa mazoezi, Ziwa Duluti karibu na Arusha. Kwingine kokote ulizia wavuvi wa hapohapo, siyo ramani.

Jambo la pili ni mabwawa. Upande wa chini wa bwawa, maji yakifunguliwa, mto hupanda bila mvua kunyesha pale ulipo. Tana ina mabwawa matano mfululizo, kuanzia Masinga hadi Kiambere, na Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere. Usilale kwenye fungu la mchanga lililo katikati ya mto. Chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapogusa, kikague kabla ya kulala na tena usiku. Boti ilale juu, imefungwa kwenye mti kwa kamba mbili.

Shangazi wa Giessen
Kwa walioko Ulaya mambo ni rahisi zaidi. Mto Lahn, Ujerumani, ni shule nzuri ya boti hizi: maji ya polepole, na sehemu za kulipia kambi zipo ukingoni, kwa hiyo unabeba maji kidogo. Kulala porini kiholela Ujerumani kwa ujumla hakuruhusiwi, msijaribu. Milango ya maji (vyumba vya kushushia au kupandishia boti kwenye mto) mingi mnaifungua na kuifunga wenyewe kwa mkono: mmoja anabaki nchi kavu kuzungusha, mwingine anashikilia boti kwa kamba iliyopitishwa kwenye nguzo. Usiifunge kamba hiyo. Maji yakishuka, boti iliyofungwa inabaki imening'inia na mizigo inamwagika. Weilburg mtapita ndani ya handaki la boti la mwaka 1847, lenye urefu wa karibu mita 195. Bebeni tochi.

Uskoti na Sweden sheria inaruhusu kupiga hema porini kwa muda mfupi bila kuharibu mali ya mtu. Uingereza ya kusini ni habari nyingine: Mto Thames, kwa mfano, unatakiwa uwe na kibali hata kwa kayaki ya kupuliza.

Mzee wa Viraka
Nyongeza kuhusu upepo na jua, kwa kuwa hapa ndipo boti za bei rahisi zinapokufa.

Umeijaza asubuhi, hewa ya ndani ina nyuzi 20. Saa saba mchana umeivuta mchangani, ngozi yake nyeusi au ya bluu iko juani, hewa ya ndani inafika nyuzi 50. Hewa iliyofungwa hupanda shinikizo kwa karibu asilimia 10, na asilimia hiyo huhesabiwa pamoja na uzito wa hewa ya nje. Hiyo ni karibu psi 1.5 (psi ni kipimo cha shinikizo, kama kwenye matairi) juu ya ile uliyojaza, wakati boti nyingi za vinyl zimetengenezwa kubeba psi 1 hivi. Vinyl ikitanuka inapunguza kidogo, lakini mshono wa sakafu ndio unaoachia. Kwa hiyo ukipumzika nchi kavu toa hewa kidogo kila chumba, au iache majini kivulini. Kinyume chake, boti iliyojazwa kwenye joto ikitiwa kwenye maji ya baridi inalegea baada ya dakika kumi. Hilo siyo tundu. Ongeza pumzi, endelea.

Jaza kwa kufuata namba zilizo kwenye vali, kila chumba kwa sehemu sehemu. Ukikaza chumba kimoja kabisa huku jirani yake ni kitupu, ukuta wa kati unavutika na unaweza kuchanika. Pampu ya mkono inayosukuma kwenda na kurudi inatosha. Upepo wa kwa mafundi wa matairi marufuku, unapasua mshono kabla hujatamka neno.

Boti ikipungua hewa polepole, anza na vali, siyo ngozi. Vali za kusokota za hatua mbili zina kifuniko chembamba cha mpira kwa ndani. Punje moja ya mchanga ikikaa chini yake, hewa inatoka usiku kucha. Fungua, suuza kwa maji safi, funga, paka povu la sabuni. Kama hakuna mapovu ndipo upekue ngozi.

Kuziba: gundi ya PVC, siyo ile ya viraka vya baiskeli. Hiyo ni ya mpira. Kwenye vinyl inashika leo, inabanduka kesho. Toa hewa yote, futa kwa spiriti, kwaruza kidogo kwa msasa laini, kata kiraka cha mviringo kinachozidi tundu sm 3 hadi 5 kila upande (kona huanza kubanduka). Paka tabaka mbili nyembamba pande zote mbili, subiri zinate kidoleni, gandamiza, weka jiwe bapa juu. Subiri angalau muda wa saa 12 kabla ya kujaza. Dharura ya mtoni ni mkanda mpana wa gundi wenye kitambaa (duct tape), juu ya sehemu iliyokauka *kabisa*.

Kafi Moja
Mzee umemaliza. Naongeza vipuri: makasia ya kwenye boksi huvunjika kwenye maungio, na kishikio cha kasia hung'oka. Funga kamba fupi kati ya kasia na boti ili isiende na maji, na nunua kafi moja ya ziada yenye mpini wa aluminiamu. Kwa K2, usisahau pezi la chini. Bila hilo kila pigo linageuza pua. Lakini kwenye kina cha goti livue, likigonga mwamba linang'oka na kipande cha vinyl.

Bi. Hema
Mpangilio: vizito chini katikati (maji, chakula), malazi mbele kwenye mfuko wa kuzuia maji, na hakuna kitu chenye ncha kinachogusa sakafu. Vigingi vya hema viingie ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Tandika godoro jembamba la povu kwenye sakafu ya boti, usiku mnalilalia. Kila mfuko ufungwe kwenye kamba ya ubavuni. Boti ikipinduka hamtakuwa na muda wa kukimbizana na sufuria.

Jaketi la uokoaji livaliwe, lisikaliwe. Safiri asubuhi kabla upepo haujaamka, kilomita 15 kwa siku zinatosha kwa boti pana.

Mgeni Bandarini
Na injini ndogo ya umeme je?

Kafi Moja
Inawezekana kwa boti zenye sehemu ya kufungia kishikio. Ila hesabu betri: motor ndogo hula hadi ampea 30 ikiwa kasi yote. Betri ya asidi ya ampea-saa (Ah) 50, ambayo ni salama kutumia nusu tu, inakupa chini ya saa moja, na umeongeza zaidi ya kilo 10. Kwa mto, fedha hiyo nunua kafi nzuri na pampu ya akiba.

Mzee wa Viraka
Mkirudi nyumbani: suuza, kausha pande zote, mikunjo ndani pia, ndipo mkunje. Hifadhini ikiwa imening'inizwa, siyo sakafuni. Panya akishapata mkunjo wa vinyl, kiraka hakitoshi.