Mjadala: Timu iuze machaguo ya miaka ijayo ili ipande kumchukua kwotabeki, au itulie ilipo?

Mleta mada
Wakuu, kila msimu wa drafti ya NFL (zoezi la klabu za ligi ya futiboli ya Marekani kuchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni) utabiri ni uleule: klabu fulani "itapanda", yaani itanunua zamu ya mapema zaidi, kumfuata kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa chuo. Msimamo wangu ni kwamba kupanda kunakubalika mradi bei isizidi chaguo moja la raundi ya kwanza la mwaka ujao. Ukitoa mawili, umemnyima kijana huyohuyo watu wa kumkinga na wa kumpokelea mpira.

Kwa wanaoanza kuufuatilia mchezo: klabu ziko 32, raundi ni saba, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, na machaguo yanauzika, ya mwaka huu hata ya miaka inayofuata.

Mfano wangu ni San Francisco 49ers mwaka 2021. Walikuwa na chaguo la 12. Ili wapate la 3 waliwapa Miami hilo la 12, raundi ya kwanza ya 2022, raundi ya kwanza ya 2023 na raundi ya tatu ya 2022. Wakamchukua kwotabeki Trey Lance. Alianza mechi nne tu, akavunjika kifundo cha mguu Septemba 2022, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne.

Kipanga
Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Mwaka 2017 Kansas City Chiefs walikuwa wa 27. Waliwapa Buffalo chaguo hilo, la 91, na raundi ya kwanza ya 2018, wakapanda hadi la 10 kumchukua kwotabeki Patrick Mahomes. Ameshawapa Super Bowl (fainali ya ubingwa) tatu. Bei hiyo ingekuwa mara mbili, bado ungeilipa.

Kuna na suala la pesa ambalo hujaligusa. Kabla ya mkataba wa wachezaji wa 2011, chaguo la kwanza lilikuwa mzigo: Sam Bradford mwaka 2010 alipewa miaka sita kwa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika, kabla hajarusha mpira hata mmoja. Siku hizi mshahara wa chipukizi umepangwa kulingana na namba aliyochaguliwa. Caleb Williams, chaguo la kwanza 2024, anapata karibu dola milioni 39.5 kwa miaka minne yote. Dak Prescott, kwotabeki mzoefu wa Dallas, anapata milioni 60 kwa mwaka mmoja. Kikomo cha mishahara cha klabu mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Toa hesabu mwenyewe uone unabakiwa na kiasi gani cha kununua walinzi. Machaguo unayotoa unayarudisha kwa fedha taslimu, ukinunua wachezaji waliokwisha komaa.

Raundi ya Saba
49ers haohao walifika Super Bowl ya Februari 2024 na kwotabeki Brock Purdy, chaguo la 262, la mwisho kabisa mwaka 2022. Nawaachia hapo.

Kipanga
Mkuu, hiyo ni bahati nasibu. Huwezi kupanga klabu ukitegemea chaguo la 262.

Fundi Saa
Tuweke hesabu mezani, maana "bei" inatajwa bila kupimwa. Kuna jedwali la alama lililotungwa Dallas Cowboys enzi za Jimmy Johnson, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chaguo la 1 lina alama 3000, la 2 lina 2600, la 3 lina 2200, la 12 lina 1200, la 32 lina 590. Klabu nyingi zina majedwali yao sasa, lakini hili bado linafaa kuonyesha njia.

Chukueni Carolina Panthers 2023. Walitaka chaguo la 1 la Chicago. Walitoa la 9 (1350) na la 61 (292), jumla 1642. Pengo ni 1358. Wakaliziba kwa raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora, D.J. Moore.

Sasa kosa liko wapi? Kwa mazoea, chaguo la mwaka ujao hupunguzwa raundi nzima: la kwanza la mwakani huhesabiwa kama la pili la mwaka huu. Ukilichukulia kama la katikati ya raundi ya pili, ni alama 420 hivi. Punguzo hilo halina uhusiano na ubora wa wachezaji. Linatokana na meneja mkuu anayejua kwamba akishindwa mwaka huu, mwakani chaguo litatumiwa na mtu mwingine. Panthers wakamaliza 2-15 (ushindi mara mbili, kufungwa 15), na lile la "420" likawa chaguo la kwanza kabisa la 2024. Alama 3000. Chicago wakamchukua Caleb Williams. Yaani chaguo lile peke yake lilifikia thamani ya kile Panthers walichonunua, na Moore alikuwa ameshaondoka.

Ukiwa timu mbovu, chaguo lako la mwakani ndilo mali ghali kuliko yote uliyo nayo, na ndilo unalolipunguza bei kuliko yote. Chiefs walitoka kwenye nafasi ya 27 kwa sababu walikuwa timu nzuri tayari, kwa hiyo walijua walichotoa kingeangukia chini. Mahomes si ushahidi wa Carolina kufanya vilevile.

Mzawa
Fundi kamaliza upande wa bei. Mimi nauliza upande wa bidhaa. Kabla ya kupanda, tazameni kijana ameanza mechi ngapi chuoni. Lance alikuwa na 17 huko North Dakota State na pasi 318 tu, na mwaka 2020 alicheza mechi moja. Mitchell Trubisky, ambaye Chicago walipanda kutoka la 3 hadi la 2 mwaka 2017 ili wasimkose, alikuwa na 13. Anthony Richardson, wa 4 mwaka 2023, 13. Wa upande wa pili, walioanza mechi nyingi: Jayden Daniels 55, Bo Nix 61.

Sababu ni rahisi. Mechi chache zina maana hujamwona akisomwa na ulinzi uliopata muda wa kumchunguza, akakosea, akarekebisha. Kasi na nguvu za mkono zinapimika kwa siku moja ya majaribio. Kusoma ulinzi hakupimiki hivyo.

Kitu cha pili: akibanwa, ni mara ngapi anaangushwa na mpira mikononi? Mashabiki huwalaumu walinzi wa mbele, ila tabia ya kung'ang'ania mpira humfuata kwotabeki hadi NFL.

Kipanga
Kwa kipimo chako Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo, asingechaguliwa. Chuoni Wyoming alikamilisha asilimia 56 ya pasi. Leo ungemtoa kwa machaguo mangapi?

Mleta mada
Asante kwa kumleta Allen, maana ananisaidia mimi. Mwaka 2018 Buffalo walipanda kutoka la 12 hadi la 7 kwa kutoa machaguo mawili ya raundi ya pili, la 53 na la 56. Raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata hawakuigusa. Mwaka wake wa kwanza Allen alikamilisha asilimia 52.8. Machi 2020 Buffalo wakatoa raundi ya kwanza, chaguo la 22, wakamleta mpokeaji Stefon Diggs kutoka Minnesota. Msimu huo Allen akafika asilimia 69.2. Kama chaguo hilo lingekuwa limeshauzwa, Diggs angeletwa kwa kitu gani? (Minnesota nao walilitumia kumchukua Justin Jefferson, kwa hiyo hakuna aliyelia.)

Sasa mlinganishe na Bryce Young, kwotabeki ambaye Carolina walimchukua kwa lile chaguo la 1: 2023 aliangushwa mara 62, kocha Frank Reich akafukuzwa baada ya mechi 11, na mpokeaji aliyemhitaji alikuwa anavaa jezi ya Chicago.

Kipanga
Sawa, Carolina nakubali waliharibu. Lakini Rams 2016 walitoa la 15, mawili ya raundi ya pili, la raundi ya tatu, pamoja na raundi ya kwanza na ya tatu za 2017, wakampata Jared Goff. Wakafika naye Super Bowl, kisha wakamtumia kama sehemu ya malipo ya Matthew Stafford, aliyewapa ubingwa Februari 2022. Eagles mwaka huohuo walipanda kutoka la 8 hadi la 2 kwa Carson Wentz. Akaumia Desemba 2017 akiwa na ushindi 11 katika mechi 13, kwotabeki wa akiba Nick Foles akamalizia kazi hadi ubingwa. Kukaa chini ukisubiri Purdy wako kuna gharama pia, ila haiandikwi kwenye jedwali.

Fundi Saa
Kaka, hebu angalia: Rams na Eagles wote walitoa raundi ya kwanza moja tu ya mwaka uliofuata. Upo ndani ya kikomo cha mleta mada. Waliovuka ni Washington 2012 kwa Robert Griffin III, raundi ya kwanza za 2012, 2013 na 2014 pamoja na raundi ya pili, na 49ers kwa Lance. Washington drafti hiyohiyo walimpata Kirk Cousins raundi ya nne.

Isitoshe, watafiti Cade Massey na Richard Thaler walipochunguza drafti walikuta mchezaji aliyetangulia kuchaguliwa humzidi anayemfuata katika nafasi yake ya uchezaji kwa asilimia 52 tu ya mara. Karibu sawa na kurusha sarafu, nanyi mnalipia kama uhakika.

Kipanga
Asilimia 52 ni ya nafasi zote. Kwotabeki mmoja akikukubali, unashindania ubingwa miaka kumi. Beki wa pembeni akikukubali, umepata beki wa pembeni.

Mzawa
Hapo hatutakubaliana. Ombi moja basi: raundi ya kwanza huanza saa 2 usiku za mashariki mwa Marekani, saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa kwa Nairobi na Dar. Kabla ya hapo kila mtabiri aweke jina, namba ya chaguo, na bei atakayolipa kupanda. Kwotabeki Shedeur Sanders mwaka 2025 alitabiriwa sana raundi ya kwanza akaenda wa 144. Waliomtabiria walitaja jina tu, kwa hiyo hatujui wangelipa nini.

Raundi ya Saba
Mimi wangu nitamwandika saa 12 asubuhi ya Jumapili, drafti ikiwa imekwisha.