Baba kafariki kwa moyo, mimi nibadilishe nini kwenye msosi?

mama_wawili: Habari wapendwa, baba ametutoka mwaka jana kwa moyo, alikuwa na miaka 58 tu, na mimi nyumbani napikia mafuta ya kuganda, chipsi karibu kila jioni, watoto wanapenda. Sasa naogopa. Hivi ukibadilisha chakula ukubwani inasaidia kweli au damu ya ukoo ndo imeshaamua?

fundi_baisikeli: Pole sana dada. Inasaidia, tena sana. Angalia Finland, mkoa wa North Karelia, wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo wakiwa vijana kabisa, siagi kwenye kila kitu, maziwa yenye mafuta mengi, mboga walikuwa hawajazoea. Mwaka 1972 wakaanza kampeni, mafuta ya maji badala ya siagi, chumvi wakapunguza, sigara pia, na miaka ilivyoenda vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vikashuka zaidi ya asilimia 80. Na ukoo wao ulikuwa uleule.

Nesi wa zamu: Umesahau presha. WHO wanasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na ile ya kwenye mkate na vile viungo vya vipakiti. Kapime presha na kolesteroli wiki hii mpendwa, usisubiri dalili.

mama_wawili: Asanteni, leo napika maharage na mchicha.