Naomba ushauri: ritani ya pamoja na mume raia wa Marekani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni Mkenya wa Malindi, nina vyumba viwili ninavyokodisha wageni, na ritani yangu ya kodi huiwasilisha KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) kabla ya 30 Juni. Mume wangu, raia wa Marekani, anataka tuwasilishe kwao ritani ya pamoja, jambo linalohitaji tamko lenye saini zetu sote wawili, na litakalofanya mapato yangu ya hapa, hata yale ninayoyaandika kwa kalamu katika daftari la jikoni, yahesabiwe huko pia. Tena uamuzi huo ukishabatilishwa haurudiwi, ndiyo maana nasita. Fomu ya W-7, ya kuomba namba ya mlipakodi ya Marekani, nimeijaza. Pasipoti ya kuambatanisha nayo naogopa kuituma kwa posta. Aliyepitia haya, je, nakala ya pasipoti yake aliithibitishia wapi, na kodi aliyolipa Kenya ilipunguzwa kwenye kodi ya huko?