Tupeane uzoefu: mdahalo wa imani ukifika pa "wewe mbaguzi", mwenyekiti afanyeje?

Nyakach_Juu
Habari za jioni wakuu. Hii ni ya wanaoendesha midahalo: ya vijana kanisani, ya baraza, ya redio za mtaa. Tohara, uchawi, kurithi wajane, makanisa yanayokataa hospitali. Mambo yanaenda vizuri, mara mmoja anasimama: "Una chuki na dini yetu!" au "Huo ni ukabila!" Ukumbi unawaka, mada inasahaulika. Wenye ujuzi mwage hapa, na tafadhali tuandike hatua, mahubiri tumwachie pasta.

Karani_wa_Hoja (Kakamega)
Kwanza simamisha saa. Dakika za msemaji zikiliwa na malalamiko, wiki ijayo kila anayezidiwa atalia ubaguzi ili mwenzake aishiwe muda.

Halafu muulize mlalamishi maswali matatu, kwa mpangilio huu. Ni maneno gani hasa yaliyotamkwa? Yanagusa imani yenyewe au watu wanaoishika? Na hao watu wanavunjiwa au kunyimwa nini? Jibu la kwanza katibu aliandike neno kwa neno, alisome kwa sauti. Malalamiko mengi hufia hapo, maana kilichosikika sicho kilichosemwa. Yakithibitika, msemaji ana dakika moja: ayafute, au ayaseme upya bila kugusa watu. Saa inaendelea.

Wenyeviti huharibu kwa kuuliza, "Ulikusudia kuwabagua?" Nani atajibu ndiyo? Mkianza kupekua moyo wa mtu, nusu saa imekwisha. Wala usipigishe kura kuamua kama fulani ni mbaguzi. Kura itafuata kanisa lililojaza viti siku hiyo.

Nyar_Nam
Karani, umesema vyema, ila maswali yako yanampendelea aliyesoma. Mama wa miaka sabini ambaye kanisa lake limetukanwa hawezi kukupangia madhara kama wakili. Mwache aseme kwa Kijaluo au Kiluhya chake, mkalimani awe karibu, na lile swali la tatu lishushe: "Mama, mjukuu wako akiambiwa hivi shuleni, ataishije na wenzake?" Hapo utapata jibu kamili kuliko la kijana mwenye tai.

Mizani_Nakuru
Niongeze la sheria ya Kenya, maana vitisho vya "nitakushtaki" ni vingi kuliko wanaojua wanachokitaja.

Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, ndiyo watu wanaitaja wakisema "NCIC (tume ya uwiano na utangamano) itakushika". Inahusu chuki ya kikabila: rangi, asili, uraia, kabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Dini haimo katika kifungu hicho. Lakini usifurahi mapema. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inakupa uhuru wa kusema, kisha inauondoa kwa maneno ya chuki na ya kuwapaka wengine matope kwa misingi iliyoorodheshwa katika ibara ya 27, ambamo dini, dhamiri, imani, utamaduni na hata mavazi yametajwa. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138, inamshika anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu. Ni hadi mwaka mmoja ndani.

Kwa hiyo "mafundisho haya ni ya uongo" ni hoja, hata kama inauma. "Wanaoyafuata wasipangishwe nyumba" tayari ni jambo lingine.

Nyar_Nam
Na uchawi je? Huko lawama hugeuzwa. Ukisema hakuna uchawi, unaambiwa wewe ni mkoloni unayedharau mila.

Mizani_Nakuru
Mwache aseme hivyo, ni haki yake kuitetea mila. Mahali pa kukata ni jina. Sheria ya uchawi ya 1925 inakataza kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa kwa chifu, polisi au mamlaka nyingine inayohusika. Ukiacha jirani atajwe, hata kwa fumbo la "yule wa karibu na kisima", umeshachelewa. Kisii, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za aina hiyo. Nyamazisha papo hapo, maswali matatu baadaye.

Ganzi (Siaya)
Mada ya tohara ndiyo ngumu kuliko zote huku, kwa sababu kauli mbili hutoka kinywani kwa pumzi moja.

Ya kwanza, kwamba tohara hupunguza VVU, inapimika. Jaribio la tohara la Kisumu lilichukua wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, likasimamishwa kabla ya muda wake, Desemba 2006, kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Likiunganishwa na yale ya Uganda na Afrika Kusini, hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke ilipungua kwa karibu asilimia 60. Pinga, uliza maswali, leta takwimu zako.

Ya pili ni "asiyetahiriwa ni mtoto, hawezi kuongoza". Hiyo haina cha kupima. Ni tusi la kabila lililovalishwa koti la daktari. Mwenyekiti azitenganishe kwa sauti: "Ya kwanza tunaijadili, ya pili ifute." Ukizifuta zote mbili, mtaalamu ataondoka akidai amezibwa mdomo. Ukiziacha zote, mzee wa Kijaluo ambaye jando lake lilikuwa kung'olewa meno sita ya chini atasikia afya ni kisingizio tu, na atakuwa na sababu.

Jihadhari pia na "Wajaluo hawatahiri". Nomiya, kanisa la Johana Owalo, ni la Wajaluo na linatahiri.

Karani_wa_Hoja
Nakuunga mkono Ganzi. Hilo la kutupia wote lawama limezidi tangu Shakahola, Kilifi, 2023, ambako waumini wa dhehebu moja walifunga kula hadi kufa. Kila mwenye kanzu na ngoma anaitwa dhehebu potovu. Legio Maria, kanisa la Kiafrika lililotoka kwa Wakatoliki, wana mapadri, na Kilatini bado kimo ibadani mwao. Wanahusianaje na mfungo wa Kilifi? Sharti langu: anayetuhumu ataje kanisa na ataje kitendo. Akishindwa, hoja haiandikwi.

Masafa_Bungoma
Redioni huna saa ya kusimamisha. Weka mtambo wa kuchelewesha matangazo, sekunde saba zinatosha, na kidole kikae karibu na kitufe. Mpigaji akikatwa, waambie wasikilizaji kwa nini, bila kurudia tusi. Wengi hulirudia wakiomba radhi.

Nyakach_Juu
Asanteni sana. Na lawama ikimwangukia mwenyekiti mwenyewe?

Karani_wa_Hoja
Naibu anachukua kiti kwa hoja hiyo moja. Achaguliwe kabla ya kikao, awe wa dini tofauti na yako, na jina lake lisomwe mwanzoni. Ukimtafuta naibu wakati watu wameshasimama, utaambiwa umemleta ndugu yako.