Saa za kompyuta za ofisi: tuvute ya intaneti au tununue kipokezi cha GPS?

Uyole_Juu: Wakuu, poleni na baridi. Ofisini kwetu tunanunua kahawa Mbozi, wateja wako London na New York. Saa za kompyuta hazilingani, moja iko mbele dakika sita, nyingine nyuma. Fundi mmoja anataka kipokezi cha GPS (kifaa cha kupokea saa sahihi kutoka satelaiti) juu ya paa, mwingine anasema tuvute saa ya intaneti bure. Bosi anataka jibu wiki hii. Kipi bora?

Fundi_Soweto: Mkuu, hujasema kitu. Kompyuta ngapi? Seva ipo? Intaneti ya aina gani? Umeme ukikatika tarehe inabaki au inarudi nyuma miaka? Ikirudi, betri ya kwenye bodi imekufa, badilisha hiyo kwanza.

Mnyalu_Mafinga: GPS. Mvua za huku zikianza, intaneti huna.

Fundi_Soweto: Kwa kazi ya kahawa ni kupoteza hela. Windows isiyo na seva, hasa ya zamani, huweza kuuliza saa mara moja tu kwa wiki, huenda ndiyo maana zinaachana. Fupisha muda huo, basi. Wenye seva ya domeni (inayothibitisha watu wote wanaoingia kwenye kompyuta za ofisi) ndio wawe makini: kwa kawaida tofauti ikizidi dakika tano, hata kuingia unakataliwa.

Binti_Makambako: Dakika zinarekebishika. Angalieni kanda ya saa, yaani kompyuta imewekwa ifuate saa ya nchi gani! Nilikuwa mhasibu kituo cha mafuta barabara kuu, tunauzia malori usiku kucha. Aliyefunga mfumo aliacha kanda ya London, akasogeza saa kwa mkono hadi ikalingana na ya ukutani. Jumapili ya mwisho ya Machi, Uingereza inaposogeza saa mbele kwa majira ya joto, ilipofika saa 7 usiku ikaruka ikawa saa 8. Tukairudisha kwa mkono, tukasahau. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilipofika saa 8 usiku ikarudi saa 7. Saa nzima ikajirudia. Mauzo ya 01:20 yakawa mawili, mfumo ukayapanga kwa saa, namba za mita ya pampu zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Ripoti ikasema lita zimepungua. Kijana wa zamu akakatwa mshahara. Nilikaa siku mbili na risiti sakafuni, nazipanga kwa namba badala ya saa, ndipo lita zikatimia. Alirudishiwa nusu tu ya hela yake. Inaniuma hadi leo.

Mnyalu_Mafinga: Pole sana dada. Ila mbona kwenye Windows tunaambiwa tuchague Nairobi? Dar es Salaam haipo?

Fundi_Soweto: Saa ni ileile, +3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC), na wote hatuibadilishi. Linux ina Africa/Dar_es_Salaam.

Tukuyu_Parachichi: Na usiisogeze saa yako kumfuata mteja. London tunawazidi saa 3 wakati wao wa baridi, 2 kuanzia mwisho wa Machi. New York hubadilisha mapema, Jumapili ya pili ya Machi, na hurudisha ya kwanza ya Novemba. Weka saa zao pembeni ya skrini. Kwetu kilichotutesa ni mtunza ghala kuandika "saa 2" na karani kuingiza 02:00.

Mnyalu_Mafinga: Karani Mtanzania hajui saa 2 asubuhi?

Tukuyu_Parachichi: Hakuandikiwa asubuhi, kaka. Gari lilikuja saa 2 usiku.

Uyole_Juu: Samahani, nilikuwa ghalani. Kompyuta saba, seva hatuna, intaneti ni rauta ya laini ya simu. Nimezipitia sasa hivi: mbili zimeandikwa London, na zinasoma sawa na simu yangu! Mauzo ya mwaka mzima yamo humo. Nikibadilisha kanda, kumbukumbu za zamani zitasogea?

Fundi_Soweto: Usiguse kitu. Chukua nakala ya data kwanza. Mnatumia mfumo gani?