Pasteli za Henrietta Johnston zimedumuje miaka 300, na zetu zinapukutika kabla ya fremu?

MwalimuSanaa_Moshi
Wakuu, salaam. Darasani tumefika kwa Henrietta Johnston, yule mama wa Charleston anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuchora kwa malipo katika makoloni ya Waingereza kule Amerika. Alitumia pasteli, yaani unga wa rangi uliokandwa ukawa vijiti. Picha zake za mwaka 1711 bado zipo. Za wanafunzi hapa Moshi zinapukutika hata hazijafika kwa fundi fremu, na spree ya nywele imezitia nyuso weusi. Tatizo ni nini?

Brashi_Kiborloni
Spree acheni kabisa. Pasteli inang'aa kwa sababu punje zake ni kavu na zina hewa katikati. Ukizilowesha kwa gundi ile hewa inatoka, na cha kwanza kupotea ni weupe wa chaki. Ndiyo maana nyuso zinakuwa nyeusi.

Henrietta alichora kwenye karatasi ndogo, kama sentimita 23 kwa 30, ikaingia kwenye fremu ya mbao: kioo mbele, ubao nyuma. Saini aliiweka kwenye ule ubao, pamoja na mahali na mwaka. Anayetupa ubao wa zamani ili aweke hadibodi mpya ametupa cheti cha kuzaliwa cha picha.

Kwenu angalieni karatasi kwanza. Manila inayong'aa haishiki unga. Chukueni khaki, upande wenye ukakasi, mpitishe msasa laini mara moja. Tabaka mbili tatu nyepesi zinatosha; vinyweleo vya karatasi vikishajaa, kila mnachoongeza kitaanguka tu. Ubao usimame wima wakati wa kuchora, na vumbi mlitoe kwa kugonga nyuma. Kupuliza kunaliingiza mapafuni.

Kioo kisiguse picha: mwambieni fundi aweke vijiti vya milimita 5 pembeni, ndani ya fremu. Na kiwe kioo kweli. Plastiki ikifutwa kwa kitambaa inapata umeme tuli na kunyonya unga.

Oksaidi
Naongeza kuhusu vijiti, maana chaki za ubaoni zilizotiwa rangi zinapauka upesi. Nunueni oksaidi nyekundu na ya njano, zile za kuchanganya na saruji ya sakafu. Ni rangi za chuma, jua haliziwezi. Gundi ya mgunga gramu 2 kwa mililita 100 za maji. Kandeni mpaka iwe kama unga wa chapati. Gawa donge nusu, nusu moja changanya na unga wa chaki kiasi hichohicho, kisha rudia: mara nne mnapata ngazi zote za rangi ya ngozi. Anikeni kivulini siku 2 au 3, juani vinapasuka.

Kijiti kikikwaruza karatasi, gundi imezidi: sageni, ongezeni chaki na maji matupu. Kikivunjika mkononi, gundi ni ndogo.

Mto_Karanga
Na msimfanye Henrietta mke wa padri aliyekuwa anajifurahisha. Alifika Charleston 1708 na mumewe wa pili, Gideon Johnston, mchungaji wa Kianglikana ambaye mshahara wake ulikuwa wa kusuasua. Mwaka 1709 Gideon mwenyewe aliandika kwamba bila picha za mkewe wasingeweza kuishi. Mume alikufa maji 1716. Yeye aliendelea, akafika mpaka New York mwaka 1725 kuchora, na akafa 1729. Zimebaki picha kama 40. Vifaa vilitoka ng'ambo kwa meli, na picha za Carolina, koloni lenye Charleston, ni nyepesi kuliko zile alizochora Ireland kabla ya kuhamia. Wanafunzi walinganishe hizo mbili.

MwalimuSanaa_Moshi
Asanteni sana. Na ambazo hazina fremu, masika haya?

Brashi_Kiborloni
Zilazwe bapa, kila moja na karatasi laini ya kupitisha mwanga juu yake, mbali na ukuta wa nje. Ukungu unaanzia kwenye gundi. Kuzikunja ni kuziua.